Manifoldi fupi ya hewa imepunguza nguvu ya injini yangu katika mizunguko ya chini: kosa liko wapi?

Mchapa_Gia aliuliza:

Salamu kwenu wote. Gari langu lina injini ya petroli ya lita 2.0, silinda 4 zilizopangwa kwa mstari, vali 16, haina tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini), na kikomo chake ni mizunguko 7,200 kwa dakika. Manifoldi ya hewa (mirija inayogawa hewa kwa kila silinda) iliyotoka nayo kiwandani ni ya plastiki, yenye mirija mirefu iliyojikunja kama pembe za kondoo. Miezi miwili iliyopita niliiondoa nikafunga manifoldi ya alumini iliyotengenezwa kwa ajili ya magari ya mashindano. Mirija yake ni mifupi na imenyooka, chemba yake ya hewa (sanduku ambamo mirija yote huanzia) ni kubwa karibu mara mbili ya ile ya awali, na throtli yake (mlango wa hewa unaofunguliwa kwa kukanyaga mafuta) ina kipenyo cha milimita 70 badala ya 60. Muuzaji alieleza kwamba hewa ikipita kwa urahisi zaidi, injini hupata nguvu zaidi, nami sikuona mushkeli katika hoja hiyo, kwa sababu nimefundishwa siku zote kwamba injini si chochote ila pampu ya hewa.

Sasa gari limekuwa zito chini ya mizunguko 4,500. Kilima nilichokuwa nikikipanda kwa gia ya nne sasa kinanilazimisha kurudi ya tatu. Kati ya mizunguko 4,500 na 6,000 sioni tofauti yoyote ya maana, na karibu na 7,000 injini inanguruma kwa sauti inayopendeza sana, lakini sina hakika kama kuna nguvu iliyoongezeka au ni masikio yangu yanayonidanganya.

Ninachotaka kuelewa ni jinsi gani injini inavyoweza kupoteza nguvu baada ya kuondolewa vizuizi katika njia ya hewa. Je, tatizo ni urefu wa mirija, ukubwa wa chemba, au throtli? Na je, kuna la kufanya zaidi ya kurudisha manifoldi ya zamani?

Kamshafti_Mbili alijibu:

Ndugu Mchapa_Gia, hoja ya muuzaji ingekuwa sahihi kama hewa ingekuwa inatiririka mfululizo kama maji katika bomba la bustani. Haitiririki hivyo. Kila mrija unapata mvuto mmoja katika kila mizunguko miwili ya krankishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni). Vali inafunguka, hewa inakimbia, vali inafungwa, hewa inagonga mlango uliofungwa na kusimama. Kwa injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika, jambo hili hutokea mara 50 kila sekunde katika kila silinda. Kwa hiyo ndani ya manifoldi hakuna mto, kuna mawimbi, na anayebuni manifoldi kazi yake kubwa ni kupanga saa ya kuwasili kwa mawimbi hayo.

Pistoni inaposhuka katika mpigo wa kuingiza hewa, mwendo wake huwa mkali zaidi takriban nyuzi 75 za mzunguko wa krankishafti baada ya kutoka juu kabisa. Mvuto huo mkali hutuma wimbi la shinikizo dogo kupanda mrija kuelekea kwenye chemba, kwa kasi ya sauti. Wimbi hilo linapofika pale mrija unapofunguka ndani ya chemba, linageuka: linarudi likiwa wimbi la shinikizo kubwa. Iwapo litafika kwenye vali wakati pistoni iko karibu na chini kabisa, imekwisha kuacha kuvuta lakini vali bado iko wazi, litasukuma hewa ya ziada ndani ya silinda bila gharama yoyote. Vali ya kuingiza katika injini nyingi za barabarani hufungwa nyuzi 40 hadi 60 baada ya pistoni kupita chini kabisa, na muda huo mfupi ndio dirisha ambalo wimbi linapaswa kulipata wazi. Likiwahi mno, linafika pistoni ikiwa bado inashuka na msaada wake unakuwa mdogo. Likichelewa, linakuta vali imefungwa. Na pistoni ikiwa imeanza kupanda bila wimbi la kuizuia hewa isirudi, sehemu ya hewa iliyokwisha kuingia hurudishwa kwenye mrija.

Hesabu yake si ngumu. Katika hewa yenye joto la kawaida la chini ya boneti, sauti husafiri takriban mita 350 kwa sekunde. Mrija wenye urefu wa sentimita 40, ukihesabiwa kuanzia kwenye vali yenyewe, unahitaji milisekunde 2.3 kwa safari ya kwenda na kurudi. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, katika muda huo krankishafti inageuka nyuzi 82. Kwa mizunguko 3,000 inageuka nyuzi 41 tu. Mrija ni uleule na wimbi ni lilelile, lakini kwa mwendo mmoja wimbi linafika kwa wakati na kwa mwendo mwingine linafika mapema mno. Ukitaka lifike kwa wakati kwenye mizunguko ya chini, huna budi kulirefushia safari. Ndiyo maana mirija ya kiwandani imejikunja: wahandisi walihitaji urefu na boneti haikuwa na nafasi.

Kwa makadirio ya mezani mimi hutumia kanuni ifuatayo. Chukua kwamba wimbi linapaswa kurudi baada ya nyuzi 90 za krankishafti, kisha gawanya 262,500 kwa urefu wa mrija kwa sentimita. Jibu ni mizunguko kwa dakika ambapo mrija huo unasaidia zaidi. Kanuni hii ni ya kukadiria tu, kwa sababu kamshafti (mhimili unaofungua na kufunga vali) yenye kufunga vali kwa kuchelewa zaidi itadai nyuzi nyingi zaidi, lakini inakuonyesha mtaa, hata kama haikuonyeshi nyumba.

Tupe vipimo vya manifoldi zote mbili, na usisahau kuongeza njia ya hewa iliyo ndani ya silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini chenye vali), kwani nayo ni sehemu ya mrija. Watu wengi huisahau.

Mkongwe_wa_Kabureta alijibu:

Naafikiana na Kamshafti_Mbili kuhusu urefu, ila kuna jambo la unene wa mrija ambalo halikuguswa, na katika mikono ya wapenda magari ndilo linaloharibu injini nyingi zaidi, kwa sababu kutanua tundu ni kazi ambayo kila mwenye tupa anaweza kuifanya.

Silinda moja ya injini yako ina ujazo wa sentimita za ujazo 500. Kwa mizunguko 6,000 inavuta hewa mara 50 kwa sekunde, yaani lita 25, lakini vali iko wazi theluthi moja tu ya muda, hivyo hewa yote hiyo inapita kwa mwendo wa wastani wa lita 75 kwa sekunde. Ndani ya mrija wa kipenyo cha milimita 40 hiyo ni kasi ya mita 60 kwa sekunde. Ukiupanua mrija hadi milimita 50, kasi inashuka hadi mita 38, na kwa mizunguko 2,000 inabaki chini ya mita 13. Hewa inayotembea polepole haina msukumo wa kuendelea kuingia pale pistoni inapoanza kupanda. Kwa hewa inayokwenda mita 60 kwa sekunde, ukiisimamisha ghafla, shinikizo linaloruka kwenye vali linaweza kufikia karibu robo ya shinikizo la angahewa, ilhali mtu anayehesabu mwendo wa hewa peke yake, bila kuzingatia mawimbi, atapata asilimia 2 tu. Tofauti hiyo ya zaidi ya mara 10 ndiyo siri yote ya manifoldi nzuri, na ndiyo inayoziwezesha injini za mashindano zisizo na tabo kujaza silinda kupita ujazo wake wenyewe.

Kuna ulinganisho mmoja unaonifurahisha kila mara: hewa iliyomo ndani ya mrija wa sentimita 40 wenye kipenyo cha milimita 40 ni sentimita za ujazo 500, sawasawa na silinda yako moja. Kwa maneno mengine, hewa ambayo silinda inaivuta sasa ilikuwa imekaa kwenye mrija ikisubiri zamu yake tangu mvuto uliopita, ikiyumbishwa mbele na nyuma na mawimbi. Hakuna hewa inayotoka kwenye chujio ikaingia moja kwa moja kwenye silinda.

Jambo hili si geni. Mwaka 1960 kampuni ya Chrysler ilitoa gari la 300F lenye injini ya V8 ya takriban lita 6.8, ambayo mirija yake ilikuwa na urefu wa inchi 30, karibu sentimita 76, ikivuka juu ya injini kiasi kwamba kabureta la upande wa kushoto lililisha silinda za kulia, na la kulia likalisha za kushoto. Injini hiyo ilitoa nguvu za farasi 375, na nguvu yake kubwa kabisa ya kuzungusha ilikuja karibu mizunguko 2,800 tu. Kwa wateja waliotaka kukimbia zaidi palikuwa na toleo la nguvu za farasi 400, ambalo manifoldi yake kwa nje ilionekana ileile, lakini kwa ndani kuta zilizotenganisha mirija zilikuwa zimekatwa hadi nusu, hivyo urefu uliohesabika ukawa inchi 15. Wateja wa toleo hilo walizilipia farasi 25 za ziada kwa kupoteza mvuto wa mizunguko ya chini. Ndugu yetu amefanya biashara hiyohiyo bila kuambiwa bei.

Kuhusu throtli, mimi nisingeihangaikia. Injini ya lita 2.0 kwa mizunguko 7,000 inahitaji takriban lita 117 za hewa kwa sekunde, na kwenye tundu la milimita 60 hiyo ni kasi ya mita 41 kwa sekunde, ambayo haibani kitu. Throtli ya milimita 70 humfanya dereva ahisi gari limechangamka, kwa kuwa ukikanyaga mafuta kidogo mlango unafunguka eneo kubwa zaidi, lakini mguu ukifika sakafuni faida hiyo imekwisha.

Chemba kubwa nayo si dhambi kwa injini isiyo na tabo. Inapaswa kuwa kubwa kiasi cha kumpa kila mrija hewa tulivu ya kuvuta na mahali pa wazi pa kugeuzia wimbi, na watengenezaji wengi hulenga ujazo unaokaribia ujazo wa injini yenyewe. Ikizidi, mwitikio wa mguu unachelewa kidogo wakati throtli inapofunguliwa, kwa kuwa chemba nzima inapaswa kujazwa kwanza. Hilo pia halielezi uzito unaousema.

Lakini nina swali moja. Je, mirija inaingiaje kwenye chemba? Imechomelewa ikaachwa na ncha kali, au ina midomo iliyopanuliwa kama tarumbeta?

Mchapa_Gia alijibu:

Nawashukuru nyote wawili kwa maelezo haya. Leo nimefungua throtli na kupima kwa waya uliopindwa, kwa hiyo kosa la milimita chache linawezekana.

Manifoldi ya zamani ya plastiki ina mirija ya sentimita 38, kipenyo cha milimita 38 mwishoni na pana kidogo mwanzoni. Manifoldi mpya ina mirija ya sentimita 18, kipenyo cha milimita 44 mwanzo hadi mwisho. Njia ya hewa ndani ya silinda hedi, kuanzia kwenye gasketi hadi kwenye vali, nimeipata kuwa sentimita 9. Kuhusu swali la Mkongwe, mirija imepenya ndani ya chemba kwa takriban sentimita 1 na ncha zake ni kali; haina mdomo wa tarumbeta hata kidogo. Kamshafti ni za kiwandani, hazijaguswa.

Kamshafti_Mbili alijibu:

Basi jibu limejitokeza lenyewe. Manifoldi ya zamani: 38 na 9 ni sentimita 47, na 262,500 ukigawanya kwa 47 ni karibu mizunguko 5,600. Hapo ndipo injini ya barabarani inapotakiwa kusaidiwa, na nina hakika kilele cha nguvu yako ya awali hakikuwa mbali na hapo. Manifoldi mpya: 18 na 9 ni 27, na jibu ni karibu mizunguko 9,700. Kikomo chako ni 7,200. Umefunga manifoldi ambayo faida yake inaanza kuja baada ya injini kukatishwa na kompyuta. Hata nikikuonea huruma nikatumia nyuzi 75 badala ya 90, napata mizunguko 8,100, na bado hufiki.

Huko chini unakohisi uzito, manifoldi ya zamani ilikuwa ikikusaidia kwa njia nyingine. Baada ya vali kufungwa, wimbi haliondoki. Linaendelea kwenda na kurudi ndani ya mrija hadi vali ifunguke tena, likipungua nguvu kila safari. Katika mrija mrefu safari hizo ni chache, hivyo wimbi la tatu au la nne bado lina nguvu ya kutosha kusukuma hewa likikutana na vali iliyo wazi. Ndiyo sababu mchoro wa nguvu ya kuzungusha wa injini yoyote isiyo na tabo una vilima vidogo na mabonde badala ya kuwa mstari laini. Katika mrija wa sentimita 27, kwa mizunguko 3,000, wimbi limekwisha kwenda na kurudi mara nyingi mno na limechoka kabla vali haijafunguka.

Ongeza na kipenyo: kutoka milimita 38 hadi 44 eneo la mrija limeongezeka kwa theluthi moja, na kasi ya hewa imeshuka kwa robo. Umefupisha na kupanua kwa pamoja, na yote mawili yanasukuma upande mmoja.

Mkongwe_wa_Kabureta alijibu:

Na ncha kali zilizopenya ndani ya chemba zimekamilisha msiba. Vitabu vya mtiririko wa maji na hewa vinatoa takwimu zinazojulikana kwa upotevu wa mlangoni: bomba lililojitokeza ndani ya tangi kwa ncha kali hupoteza takriban mara 0.8 ya shinikizo la mwendo (shinikizo linalotokana na kasi ya hewa), bomba lililokatwa sambamba na ukuta hupoteza takriban mara 0.5, na bomba lenye mdomo wa mviringo hupoteza takriban mara 0.04. Mviringo wa mdomo hauhitaji kuwa mkubwa. Nusu-kipenyo cha robo ya kipenyo cha mrija kinatosha, yaani milimita 11 kwako. Ni kazi ya saa chache kwa fundi mwenye mashine ya kukerezea, na kwa maoni yangu manifoldi yoyote inayoitwa ya mashindano na haina midomo hiyo ilistahili kubaki dukani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ramani_ya_Mafuta alijibu:

Samahani kwa kuingia mkiwa katikati ya mazungumzo. Kazi yangu ni kurekebisha kompyuta za injini, na kabla ya kumaliza hukumu ya manifoldi ningependa kujua kama kompyuta ya gari hili ilirekebishwa baada ya mabadiliko. Nina sababu ya kuuliza.

Ikiwa gari linapima hewa kwa sensa iliyo kwenye bomba la kuingizia, karibu na chujio, kompyuta itajua kiasi cha hewa kilichobadilika na mchanganyiko wa hewa na mafuta utabaki karibu na sawa. Lakini ikiwa linatumia sensa ya shinikizo iliyoko kwenye manifoldi, kompyuta haipimi hewa bali inaikisia, kwa kutumia jedwali lililoandikwa kiwandani linalosema kwamba kwa shinikizo hili na mizunguko hii, silinda hii hujaa kiasi hiki. Jedwali hilo ni picha ya manifoldi ya zamani. Ukiendesha taratibu, sensa ya oksijeni inasahihisha makosa na hutaona kitu. Ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, magari mengi huacha kusikiliza sensa hiyo na kufuata jedwali peke yake. Chini ya mizunguko 4,500, ambako silinda sasa inajaa kidogo kuliko zamani, mchanganyiko utakuwa mzito kupita kiasi, na hivyo sehemu ya uzito anaouhisi ndugu yetu inaweza kuwa petroli isiyopata hewa ya kuungua nayo. Karibu na 7,000, iwapo hewa imeongezeka kweli, mchanganyiko utakuwa mwepesi, yaani wenye mafuta machache mno, na huko ndiko pistoni huharibikia. Muda wa kuwasha plagi nao umeandikwa kwa kufuata jedwali hilohilo.

Pili, uvujaji. Uso wa manifoldi ya alumini iliyochomelewa mara nyingi hupinda kwa joto la kuchomelea, na gasketi haiwezi kufidia kila kitu. Weka rula iliyonyooka juu ya uso huo na ujaribu kupitisha kipimo chembamba chini yake. Hewa ikivuja baada ya throtli, dalili yake ya kwanza ni injini kutotulia gari likiwa limesimama, na mizunguko kupanda bila kuguswa.

Tatu, joto, ingawa hapa nataka kupunguza chumvi ambayo watu huiongeza. Hewa ikipashwa kutoka nyuzi 30 hadi 60 za selsiasi, uzito wake kwa kila lita hupungua kwa asilimia 9, na nguvu hupungua karibu kiasi hichohicho. Plastiki ya nailoni yenye nyuzi za kioo, ambayo ndiyo inayotumika katika manifoldi nyingi za kiwandani siku hizi, hupitisha joto kidogo mno ikilinganishwa na alumini. Tofauti ni ya mamia ya mara. Lakini injini ikifanya kazi kwa nguvu zote, hewa hukaa ndani ya manifoldi kwa sehemu ndogo sana ya sekunde na haipati muda wa kupashika kwa nyuzi 30. Hasara kubwa ni katika foleni na mara baada ya kusimama. Gasketi nene isiyopitisha joto husaidia kwa kiasi, na ni nafuu kuliko kubadilisha lolote lingine.

Nikiongezea kwenye historia aliyoitoa Mkongwe, wahandisi wamekwisha kukataa kuchagua kati ya mrefu na mfupi. Toyota, katika injini zake za 4A-GE za miaka ya 1980, iliipa kila silinda mirija miwili na kuufunga mmoja kwa mlango mdogo kwenye mizunguko ya chini, ili hewa yote ipite kwenye mrija mmoja mwembamba kwa kasi. Gari la Mazda 787B lililoshinda mbio za Le Mans mwaka 1991 lilikuwa na mirija iliyorefuka na kufupika injini ikiwa inaendelea kuzunguka, na mwaka 2001 BMW ilileta wazo hilo kwenye gari la barabarani, katika V8 yenye manifoldi inayobadilisha urefu wake bila hatua. Nataja haya kwa sababu mtu asiyejua huona milango hiyo ndani ya manifoldi yake akadhani ni vizuizi, akaitoa, kisha akaja kulalamika kwamba gari limekuwa zito. Nimewapokea wengi wa namna hiyo. Hata hivyo, milango ikilegea itengenezwe haraka, maana katika baadhi ya injini za dizeli imewahi kukatika na kumezwa na silinda.

Mchapa_Gia alijibu:

Kompyuta haikurekebishwa, na sensa yangu ni ile ya shinikizo iliyo kwenye manifoldi, kwa hiyo ukumbusho huo umekuja kwa wakati. Tangu jana sijapita mizunguko 5,000 na sitapita mpaka mchanganyiko upimwe. Rula nayo imeonyesha kwamba uso wa manifoldi umepinda karibu na silinda ya nne, kiasi cha kupitisha kipande cha milimita 0.2.

Nimepima pia nafasi iliyopo. Kati ya chemba na kitu cha kwanza kinachozuia kuna sentimita 13. Je, nikikata manifoldi mpya, nikaongeza vipande vya mrija vya sentimita 12 na midomo ya tarumbeta, nitakuwa nimeokoa fedha zangu?

Kamshafti_Mbili alijibu:

Utafika jumla ya sentimita 39, na kwa kuwa wimbi hugeuka nje kidogo ya mdomo, hesabu kama 40. Hiyo ni karibu mizunguko 6,560, ambayo ni mahali pazuri kwa kikomo cha 7,200. Tumia vipande vyenye umbo la koni, vinavyoanza milimita 44 upande wa chemba na kupungua taratibu hadi milimita 38 upande wa silinda hedi, ili usirudie kosa la unene na ili pasiwe na ngazi pale kwenye gasketi. Hakikisha pia kwamba kati ya mdomo wa tarumbeta na ukuta wa chemba unaoukabili kunabaki nafasi isiyopungua kipenyo kimoja cha mrija, la sivyo utaziba ulichokipanua. Halafu sawazisha uso wote kwa mashine baada ya kuchomelea, si kabla.

Lakini nakuomba ufanye jambo moja kwanza. Rudisha manifoldi ya plastiki kwa siku moja, upime nguvu kwenye mashine, uhifadhi mchoro wake. Injini yenye kamshafti za kiwandani hufunga vali mapema, na inawezekana kabisa kwamba juu ya mizunguko 6,000 kinachokubana ni kamshafti na wala si manifoldi. Ikiwa ndivyo, sentimita 12 hizo zitakupa mizunguko ambayo vali zako hazina haja nayo.

Mchapa_Gia alijibu:

Nimerudisha manifoldi ya plastiki leo asubuhi, na kilima kimepandika kwa gia ya nne kama zamani. Upimaji wa mashine ni wiki ijayo; nitaweka mchoro hapa kabla sijamkabidhi fundi msumeno.

Ramani_ya_Mafuta alijibu:

Uombe wakupimie na mchanganyiko wa hewa na mafuta kwenye mchoro huohuo, kuanzia mizunguko 2,000 na si 3,500 kama wengi wanavyofanya, kwa sababu sehemu kubwa ya unachokilalamikia iko kushoto mwa mahali wanapoanzia.